Vitabu Vyake vya Magari

Mume wangu alikuwa mtu wa kutapika garini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo ambalo halikusemwa siku ya mazishi yake, na kutosemwa kwake kuliniletea taabu ya mwaka mzima. Alitapika kwenye basi la kwenda kwao. Alitapika kwenye gari la harusi yetu tukitoka kanisani, maua yakiwa bado yamefungwa kwenye boneti. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki nilidhani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuandamana, maana hakuwahi kutoka nyumbani bila mmoja mfukoni. Baadaye alizoea kubeba kopo la siagi lenye kifuniko. Hata kwenye kiwanda cha Thika alikokuwa karani wa stoo, wenzake walijua kwamba lile kopo halikuwa la chakula.

Mwenye kupenda magari katika nyumba yetu ya Ruiru ni mimi. Si magari ya kwendea kazini, hayo sina habari nayo. Napenda magari ya rali, tena yale ya zamani, yenye taa kubwa zilizopangwa mbele na vyuma vya kukinga ng'ombe, yaliyokuwa yakipita kwetu Gatuanyaga wakati wa Pasaka nilipokuwa msichana mdogo. Baba alikuwa na shamba kando ya barabara ya vumbi. Mama alianika maharagwe juu ya magunia, na kila gari lilipopita alilazimika kuyapepeta upya. Yeye aliyalaani hayo magari na madereva wake na mama zao. Mimi nilikuwa juu ya ukuta wa josho la ng'ombe, nimejifunika pua kwa leso, nikingoja. Unasikia kwanza mlio, mbali. Halafu unaona vumbi limesimama juu ya michongoma. Halafu gari lenyewe linakuja kwenye kona limekaa upande, na ndani mna watu wawili, mmoja anaendesha na mwingine anasoma karatasi kama yuko kanisani. Huyo wa pili tulimwita taniboi, kama yule wa lori. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kitabuni kwamba kazi yake ni kumsomea dereva njia. Mpaka leo namwita taniboi, na anayetaka kunirekebisha ajaribu.

Gari nisingeweza kupata, kwa hiyo nilianza kukusanya vitabu. Hivi ni vitabu vilivyoandikwa na watu wenye ugonjwa kama wangu. Kuna kimoja kinene kinachohusu gari la aina moja tu, tena miaka michache tu ya maisha yake. Kuna kingine cha kabureta, mwanzo hadi mwisho kabureta. Kuna cha gereji chenye alama za vidole vya grisi vya fundi nisiyemjua, nami nazipenda alama hizo kuliko michoro yenyewe. Kuna cha Kijerumani ambacho sielewi hata neno, lakini vumbi halina lugha. Katika kimoja nilikuta picha ya barabara yetu, kona ile ile, ukuta ule ule wa josho, na chini yake mwandishi ameandika kwamba hapo ni mahali fulani Afrika Mashariki. Nilichukua kalamu ya wino, wala si penseli, nikakata maneno yake nikaandika: Gatuanyaga, kona ya josho. Kama hakujua alikuwa wapi, angeuliza.

Watu huniuliza vitabu hivyo vina faida gani. Kitabu kizuri, wanasema, ni kile kinachokufundisha maisha. Mimi nimechoka kufundishwa maisha. Nashona sare za shule Thika tangu nilipoolewa, nimelea watoto, nimeuguza wazee, maisha nayajua. Kila meza ya vitabu barabarani imejaa vitabu vya kunifundisha kufaulu, kunyenyekea, kuamka mapema na kumshika mume. Kitabu cha kabureta hakinihubirii. Kinaniambia petroli inaingia hapa, hewa inaingia pale, na kama gari halitaki kuwaka kosa liko mahali fulani na linaweza kupatikana. Sijawahi kupata faraja kama hiyo kwenye kitabu cha faraja.

Vingi nilivipata kwa mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akiuza vitabu vya mitumba Thika, karibu na soko. Akipata cha gari alikificha chini ya meza mpaka nipite. "Mama, gari zako zimekuja," alikuwa akisema. Zako. Ukimtoa mume wangu, huyo ndiye mwanamume pekee aliyenitamkia neno hilo bila kunifanyia mtihani kwanza.

Maana mtihani haukosi. Mwanamume akisema anapenda rali, watu wanamvutia kiti. Mimi nikisema, naulizwa ni gari gani lilishinda, injini yake ilikuwa ya ukubwa gani, dereva alikuwa nani. Zamani nilikuwa najibu. Nilijibu vizuri, na kila nilipojibu liliongezwa swali gumu zaidi, mpaka nikosee, ndipo wote wapumue. Siku moja nikaamua kwamba nimehitimu, na tangu hapo sijibu. Ndiyo sababu wageni wetu wote walioona ile shelfu sebuleni, yenye vitabu nilivyovifunika kwa karatasi za kalenda kuukuu, walisema, "Kumbe mzee anapenda magari!" Mume wangu alikuwa akiwajibu, "Za mama hizo. Na ukitaka kushika, nawa mikono." Walicheka, wakidhani ni utani. Yeye mwenyewe alikuwa akinawa, ingawa sikumbuki siku aliyosoma hata ukurasa mmoja. Alivishika tu kuvipangusa vumbi.

Shelfu hiyo ni yeye aliyeitengenezesha kwa fundi. Na kila palipokuwa na mbio za magari ya zamani mahali tulipoweza kufika, alikuja nami. Alitapika njiani, akafika, akafungua mwavuli akanishikia mimi nikiangalia. Magari yalipopita alifumba macho kwa sababu ya vumbi. Halafu aliniuliza, "Ilikuwa nzuri?" Nikisema ndiyo, aliridhika.

Sasa nije kwenye picha. Kuna klabu ya magari ya zamani inayokutana Kamakis, nje ya mkahawa mmoja wa nyama choma wenye uwanja mpana, na Jumapili moja tulikwenda. Walikuwa na gari la rali la ukweli, la enzi zangu za josho. Mwenyekiti wao, mtu mchangamfu mwenye tumbo, alituona tumesimama, akanipita mimi kama unavyopita nguzo ya stima, akamfungulia mlango mume wangu. "Karibu mzee, tuzungushe kidogo!" Mume wangu aliniangalia. Nilijua anachotaka kusema, na yeye akajua kwamba akikisema wataanza kunifanyia mtihani hapo hapo mbele ya nyama za watu. Basi akaingia. Walizunguka njia ya vumbi nyuma ya uwanja, na gari liliporudi alishuka akiwa amepauka, akaweka mkono kwenye boneti asianguke. Hapo nikampiga picha. Ukiitazama utaapa kwamba ni mwanamume mwenye mapenzi makubwa na gari lile, limemjaa moyoni hata hawezi kuongea. Kumbe ilikuwa tumboni.

Alipofariki, kaka yake ndiye aliyeshughulikia programu ya mazishi. Ni mtu mwema, nilimheshimu na bado namheshimu. Watoto walitaka wasifu uandikwe kwa Kiingereza, lakini mama mkwe wangu haelewi Kiingereza, kwa hiyo tukakubaliana Kiswahili. Shemeji alinipigia simu nimpe sentensi moja ya kutoka kwangu. Nililia kwanza, halafu nikasema: "Alimpenda mke wake na vitabu vyake vya magari."

Nilimaanisha vyangu. Vya mke. Nilijizungumzia kama mtu wa tatu kwa sababu ndivyo wasifu unavyoandikwa. Lakini Kiswahili hakitofautishi vitu vya mume na vya mke, vyote ni "vyake" tu, na Kikuyu ni hivyo hivyo. Vyake ni vya huyu na ni vya yule pia. Laiti tungeandika Kiingereza, shemeji angelazimika kuniuliza ni vya nani. Hakuuliza. Aliandika kama nilivyosema, akachukua picha ya Kamakis akaiweka juu, na kwa kuwa alitaka kumpamba ndugu yake akaongeza kwamba marehemu alikuwa shabiki mkubwa wa rali tangu utotoni. Nilisikia hayo nikiwa mbele, kwenye kiti cha wafiwa, yakisomwa kwa maikrofoni. Tenti nzima ikaitikia kwa huzuni. Mwenyekiti wa klabu akasimama akatoa heshima za klabu. Mjane hainuki katikati ya ibada kusema jamani, sivyo. Nilikaa nikaibiwa huku nimeshikwa mkono.

Wiki kadhaa baadaye familia ilikutana nyumbani kwao, nje kidogo ya Thika, kugawa vitu vya marehemu. Koti lilikwenda kwa binamu. Kofia ilichukuliwa na mama yake. Hayo yote yalikuwa sawa. Halafu nikamwona yule mwenyekiti anaingia na kukaribishwa chai, nikajua kuna jambo.

"Sasa kuna maneno ya hizo vitabu," shemeji akasema. "Tumeongea na chairman. Klabu wako na room huko Kamakis. Wataweka vitabu yote pamoja, waandike jina ya marehemu hapo juu. Watu wakienda kula nyama wanamkumbuka. Si hiyo ni heshima kubwa?"

"Ni heshima," nikasema. "Lakini vitabu ni vyangu."

"Ni zako sasa, shemeji, hakuna mtu anakataa. Wewe ndio bibi yake."

"Si sasa. Tangu mwanzo."

Shemeji akatoa ile programu kwenye mfuko wa koti, akaifungua, akaweka kidole kwenye sentensi yangu. Hakuwa mkali. Alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma. "Shemeji, hii kitu ilisomwa kwa ibada ya mazishi. Ilisomwa mbele ya Mungu na watu. Na ni wewe uliniambia. Vitabu vyake."

"Mke wake na vitabu vyake," nikasema. "Vya nani? Soma tena."

Akasoma tena. Wakasoma wote, programu ikipita mkono kwa mkono kama sahani ya sadaka, na kila mmoja aliona kile alichokuwa amekwisha kukiona. Ndipo mwenyekiti akaweka kikombe chini, akatabasamu kama mtu anayekuja kusaidia.

"Mama, hatubishani. Wacha tu nikuulize kitu moja ndogo kuhusu ile gari ya kwetu..."

"Sitajibu."

"Hata sijauliza."

"Uliza. Sitajibu."

"Kwa nini? Haujui?"

"Najua. Sitajibu." Nikamgeukia. "Mume wangu ulimwuliza nini siku ile Kamakis? Hukumwuliza kitu. Ulimfungulia mlango. Mimi nimesoma vitabu hivyo mpaka karatasi zimelegea, na nikitaka kukaa navyo nyumbani kwangu nifanye mtihani? Basi nimeanguka. Andikeni sifuri. Na vitabu bado ni vyangu."

Mama mkwe wangu, ambaye masikio yake yamechoka, aliuliza ni nini, wajukuu wakamwambia hakuna kitu, cucu, kunywa chai. Mwisho wakaamua kwamba hasira za msiba zipewe muda, na kwamba jambo hilo litamalizwa siku ya kumbukumbu, mwaka ukiisha.

Mwaka huo ulikuwa mrefu. Shemeji alinitumia ujumbe kila Jumapili, wa Biblia kwanza, wa vitabu baadaye. Watu wa kanisa walinikumbusha kwamba marehemu hapaswi kugombaniwa. Binti yangu alikuja Ruiru akasimama mbele ya shelfu na kuniambia, "Mum, aki wapee tu. Ni vitabu. Hata wewe macho yanaumwa." Niligombana naye, nikamfukuza jikoni, nikamrudisha, tukala. Mwenyekiti naye alikuwa amekwisha kutengenezesha kibao cha shaba chenye jina. Nililetewa picha yake kwenye simu. Kilikuwa kizuri, sitadanganya.

Kuna siku nilikaribia kukubali. Nilitoa vitabu vyote nikavipanga sakafuni, nikaanza kutafuta maboksi. Kisha nikakifungua kile chenye kona ya josho, nikaona maandishi yangu ya wino, na hasira ikanirudia, asante Mungu. Niliona jinsi itakavyokuwa. Katika chumba kile cha Kamakis atakaa milele mwanamume ambaye hakuwahi kuwapo, shabiki wa rali tangu utotoni. Na mume wangu halisi, yule wa kopo la siagi aliyefumba macho vumbi likipita, hatakuwa na mahali. Wala mimi. Wangetuzika wote wawili, yeye mara ya pili. Nikarudisha vitabu kwenye shelfu. Ng'ombe halemewi na nunduye.

Kumbukumbu ilipokaribia, shemeji alinitumia programu niiangalie. Ilikuwa ile ile, picha ile ile, sentensi ile ile. Nikamjibu kwamba niko sawa na programu, ila wasifu nitausoma mwenyewe. Alisita. Kwetu mjane husomewa. Lakini angenikataliaje, na ni mimi mke?

Basi nikasimama mbele ya tenti, kaburi likiwa kando limewekwa jiwe jipya, na mwenyekiti wa klabu ameketi safu ya mbele na kibao chake kwenye bahasha. Nilisoma kuzaliwa kwa mume wangu, shule, kazi, ndoa, watoto, kama ilivyoandikwa. Nilipofika kwenye sentensi ile niliikunja karatasi.

"Mume wangu hakupenda mbio za magari," nikasema. "Hata kidogo. Magari yalimtapisha. Hii picha mnayoiona kwenye programu, ameshika gari asianguke. Niliipiga mimi. Mwenye kupenda rali ni mimi, tangu nikiwa msichana Gatuanyaga, na yeye alilijua hilo kabla hajanioa. Alikuja na mimi kila mahali, akitapika, akanishikia mwavuli. Hakunicheka. Hakuniuliza kwa nini. Akanitengenezea shelfu. Sijui mtu mwingine aliyefanya kitu kikubwa hivyo kwa jambo ambalo yeye mwenyewe halimhusu. Mimi nilisema alimpenda mke wake na vitabu vyake, mkanisikia vibaya. Sasa nasema tena, na msikie." Nikavuta pumzi. "Alinipenda mimi, na vitabu vyangu."

Maikrofoni ilikoroma kidogo, na hakuna aliyepiga makofi. Niliona mtu mmoja ananong'ona, na shemeji ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, hata wasipokubali, nimekwisha sema.

Mama mkwe wangu alikuwa amewekwa karibu na spika kwa sababu ya masikio yake. Aligeuka, akamwuliza jirani yake kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtu asiyejisikia, "Nani alisema alipenda magari? Huyo? Ngai! Huyo hata mkokoteni ya punda ilikuwa inamtapisha!"

Aliyeanza kucheka alikuwa shemeji. Alicheka huku machozi yakimtoka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akishika ndoo walipokuwa wadogo, na alikuwa amesahau, au alijisahaulisha ili ndugu yake aonekane mkubwa. Tenti nzima ikafuata. Nami nikacheka, mbele ya kaburi, nikiwa na leso nyeusi kichwani, na naamini yeye pia angecheka kama si kichefuchefu.

Wakati wa chakula mwenyekiti alinijia na sahani yake.

"Mama, sasa mimi naweza kuja siku moja niangalie vitabu vya mzee..." Akaanza upya. "Vitabu zako?"

Nilimwacha angoje kidogo, kwa sababu na mimi nilikuwa nimengoja. Halafu nikamwambia aje Ruiru Jumamosi, anawe mikono kabla ya kushika chochote, na aje na lile gari, maana siku ile Kamakis zamu yangu aliipeleka kwa mtu mwingine.